Meza ya Tumbusi

Ipo nchi moja ambayo hutaiona kwenye ramani yoyote, maana serikali yake iliamua zamani kwamba ramani ni siri ya taifa, na siri ya taifa haichorwi ovyo. Ni nchi nzuri, yenye amani, na wananchi wake wana furaha kiasi kwamba asiye na furaha hutakiwa kujaza fomu akieleza amekosa nini. Wanyama wake wote wako chini ya Wizara ya Viumbe Vinavyopendeza. Simba ana idara yenye zulia. Twiga ana mkurugenzi, naibu mkurugenzi na dereva. Tumbusi, kwa kuwa ana upara, shingo tupu na tabia ya kula mizoga, alihangaika sana kupata pa kukaa. Kwanza alipelekwa Wizara ya Afya, kwa hoja kwamba anasafisha nchi na kuzuia maradhi. Afya wakamkataa, wakasema hana cheti. Akapelekwa Wizara ya Anga, nao wakamkataa kwa sababu huruka bila kibali. Mwishowe alirudishwa Viumbe Vinavyopendeza kwa barua ya masharti, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio.

Katika stoo hiyo alifanya kazi Sikudhani Ngulume, Mhesabu Tumbusi Daraja la Tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye magoti yaliyochubuka kama ya mtoto wa shule, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupanda migunga mirefu na kuchungulia viota. Alipoanza kazi alihesabu tumbusi mia sita na kumi na wawili. Mwaka ambao habari hii inaanza walikuwa wamebaki arobaini na mmoja. Kila mwaka aliandika taarifa kuwa ndege wanakwisha, na kila mwaka Wizara ilimjibu kwa kumpongeza, kwamba kazi yake ya kuhesabu inazidi kuwa nyepesi.

Kuhesabu tumbusi si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hupanda, mwingine hubaki chini ameshika kamba, na roho ya aliye juu inakaa viganjani mwa aliye chini. Aliyebaki chini miaka hiyo yote ni Onesmo Mbwilo, mtu mnene, mpole, aliyejua majina ya ndege wote wa nchi ile kwa lugha nne, na mwoga wa kwenda juu kiasi kwamba hata kiti alikuwa hapandi.

Sasa, nchi ile ina desturi moja ambayo serikali ilikuwa haijaigusa. Anayemkaribisha mtu chakula huonja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya mgeni, ameze, kisha akae kimya kidogo. Mgeni akiridhika husema, "Nimeamini," ndipo anakula. Bila neno hilo hakuna karamu, hakuna harusi, hakuna hata kikombe cha maji. Ila watu waliokwisha kuwa ndugu hawaonjeani. Ukionja mbele ya rafiki yako umemwambia kwamba bado mko mlangoni.

Mwaka wa tatu wa kazi yao, tawi lilivunjika. Sikudhani alianguka mita sita hivi ndipo kamba ikakaza. Alipotazama chini alimwona Mbwilo amelala kifudifudi, anaburutwa kwenye miiba, na kamba hajaiachia. Viganja vyake vilichunika hadi nyama ikaonekana. Baadaye Mbwilo alichemsha chai kwa birika lao lenye mdomo uliopinda, akamimina, akanyanyua kikombe ili aonje. Sikudhani akamshika mkono.

"Wacha, kaka Onesmo," alisema. "Mimi na wewe tena tuonjeane?"

Tangu siku ile hawakuonjeana. Sikudhani hakuolewa, na ndugu zake wa tumbo moja walikuwa mbali, basi alimhesabu mtu yule kuwa ndiye kaka yake, akaacha kutafuta mwingine.

* * *

Mambo yalibadilika kwenye dhifa moja ya Ikulu. Mgeni wa kutoka nje, akiwa anakata kuku, aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Na tumbusi wenu wako wapi siku hizi?" Inasemekana Mtukufu Rais alitazama dirishani kwa dakika nzima. Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, mwaka ulikuwa umekwisha kutangazwa kuwa Mwaka wa Tumbusi, na ule uliokuwa Mwaka wa Matumaini ukaahirishwa.

Waziri wa Viumbe Vinavyopendeza, Mheshimiwa Komredi Profesa Ntukula, alihutubia taifa kwa saa tatu. "Ndugu wananchi," alisema, "tumbusi ni mzalendo. Hadai mshahara, hagomi, na anakula kilichopo. Yuko wapi kiumbe mwingine wa namna hiyo? Kwa hiyo kuanzia leo, kila tumbusi atakuwa na mlezi, na kila mlezi atakuwa kiongozi!"

Watu wakapiga makofi kwa muda uliopangwa.

Basi tumbusi wakagawiwa viongozi. Kila ndege alikuwa na kipande cha plastiki chenye namba, alichofungwa bawani na Sikudhani mwenyewe kwa mikono yake, na kila namba ikapata mheshimiwa wake. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Mkuu wa Itifaki aliomba abadilishiwe ndege kwa sababu wake alionekana hadharani akitoa utumbo wa punda. Jaji Mkuu alimkataa wake kwa kuwa ni jike. Namba saba, jike kubwa lenye kovu juu ya jicho, ambalo Sikudhani alilijua tangu likiwa kinda na kuliita Bi Mkubwa, lilichukuliwa na Mtukufu Rais mwenyewe, Mlezi Mkuu. Sikudhani hakukasirika. Alirudi stoo akalia kwa furaha, akayaambia mafagio yaliyobaki kwamba hatimaye tumbusi wameonekana.

Mbwilo naye alipandishwa cheo akawa Mkurugenzi wa Mwaka wa Tumbusi. Akapewa na udaktari, kwa sababu ofisi aliyohamia ilikuwa na kibao cha "Daktari" tayari mlangoni, na misumari yake ilikuwa imeshika kutu haitoki.

"Dada Siku," alimwambia siku ya kuhama, akiwa amekumbatia birika. "Sasa tutawaokoa. Nipo mezani kwa wakubwa sasa."

"Birika unalichukua?"

"Nalichukua. Huko wana vikombe tu vya maonyesho."

Akacheka, naye Sikudhani akacheka. Alimwachia birika lile kwa moyo mweupe.

* * *

Mpango wenyewe ulikuwa wa Sikudhani, na haya ndiyo yaliyomchoma baadaye kuliko yote. Tumbusi walikuwa wanakufa kwa kula mizoga iliyotiwa sumu. Yeye aliandika kurasa nne akipendekeza wapelekewe nyama safi mahali maalumu, karibu na viota, wasilazimike kwenda kuokota mauti mbali. Wizara iliupenda mpango huo, ikauita Meza ya Taifa, ikaupunguza kutoka kurasa nne hadi moja, na katika ukurasa huo uliobaki ikaongeza picha ya Waziri.

"Tatizo ni moja," Mbwilo alisema. "Lori litajuaje viota viko wapi?"

Viota vilikuwa wapi, nchi nzima alijua Sikudhani peke yake. Hata Mbwilo, aliyekuwa chini ya kila mti, hakuwa na kichwa cha njia. Alikuwa akimfuata tu. Kwa miaka kumi na tisa Sikudhani alikuwa amechora ramani kwa penseli: kila mgunga, kila jabali, kila kijito. Hakuwahi kuionyesha Wizara, na ukiacha kwamba kuchora ramani lilikuwa kosa, aliogopa ifike kwa watu wabaya.

Alimpelekea Mbwilo ofisini, akaitandaza mezani.

"Kaka Onesmo, hii ni roho yangu. Usimpe mtu."

"Mimi?" Mbwilo alionyesha viganja vyake, yale makovu meupe yaliyokatiza katikati. "Mimi nimewahi kuachia?"

Akamimina chai. Kikombe chake alikiweka pembeni mwa ramani, kama alivyozoea kukiweka popote, kikaacha duara la chai juu ya Jabali la Chanua. Sikudhani akamgombeza, wakacheka tena.

* * *

Meza ya kwanza iliandaliwa kwa heshima zote. Palikuwa na bendi, hema la viongozi na kitambaa cha mita kumi kilichotandikwa juu ya nyasi. Nyama ya ng'ombe wawili ikashushwa. Itifaki ikasimama kidogo hapo, maana desturi ni desturi: mwenyeji lazima aonje. Mbwilo alikatiwa kipande, kikachomwa pale pale, akala mbele ya watu wote, akameza, akanyamaza.

Kila mtu akawageukia tumbusi, waliokuwa wametua mitini wakisubiri. Tumbusi hawasemi. Waziri akamnong'oneza mtu, mtu akamnong'oneza mwingine, na hatimaye Sikudhani akasukumwa mbele awasemee.

Alitazama juu, akamwona Bi Mkubwa ameinamisha shingo.

"Nimeamini," alisema Sikudhani kwa niaba yao.

Tumbusi wakashuka, wakala mpaka wakashindwa kuruka. Magazeti yaliandika kwamba hawajawahi kuonekana tumbusi wenye nidhamu kiasi kile.

Meza ya pili, miezi miwili baadaye, haikuwa na bendi. Lori lilikuja na dereva mmoja, na nyuma ya lori akaja Mbwilo katika gari la Mkurugenzi. Walikuwa chini ya Jabali la Chanua, penye viota vingi kuliko mahali pengine popote. Sikudhani alishusha nyama mwenyewe, kipande kwa kipande, akaipanga. Kisha akajipangusa mikono akamtania.

"Leo huonji, Mheshimiwa?"

Mbwilo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada Siku," alisema. "Mimi na wewe tena tuonjeane?"

Sikudhani aliona aibu kwa kuuliza. Alirudi nyuma, akapiga mluzi ule aliokuwa akiwapigia miaka yote wajue ni yeye, wasiogope. Wakashuka. Mbwilo akasema ana kikao, akaondoka.

* * *

Aliporudi siku ya pili kuhesabu, aliwakuta wamelala kuizunguka meza, mabawa wazi, kana kwamba kila mmoja alijaribu kufunika nyasi zilizo chini yake. Wengine hawakufika mbali. Wengine walikufa mitini, wakaning'inia. Aliwahesabu kwa sababu hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Ishirini na wanane. Bi Mkubwa alikuwa wa ishirini na tatu, namba saba bawani, kovu juu ya jicho. Sikudhani alikaa chini karibu naye, akamwomba msamaha kwa sauti, kama anavyoombwa mtu. Alikumbuka mluzi wake, akashika mdomo kwa mikono miwili.

Bado hakumshuku mtu. Hilo liwekwe wazi, maana wapo watakaosema alikuwa mjinga. Aliona tu kwamba nyama imeharibiwa njiani na adui. Alikata kipande, akakifunga, akampelekea kaka yake.

Mbwilo alikipokea kwa vidole viwili, akaahidi kukipeleka maabara. Majibu yalikuja kwa barua rasmi: "Sampuli imepimwa na imethibitika kuwa ni nyama."

Akaenda kuripoti vifo. Karani wa Wizara, kijana mwenye tai ya pundamilia, alimsikiliza kwa huruma kubwa.

"Pole sana, mama. Ila tumbusi mwenye mlezi hawezi kufa hivi hivi. Kuna fomu. Inasainiwa na mlezi, kwamba ameridhia."

"Na mlezi akikataa?"

"Basi hajafa."

Sikudhani akazunguka na fomu ishirini na nane. Jaji Mkuu alisema kusaini kungekuwa kutoa hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Mkuu wa Itifaki alisema kufa wiki ya sikukuu si utaratibu. Ikulu haikumfungulia lango. Walimwambia kupitia dirishani kwamba ndege wa Mtukufu ni mzima, ana afya njema, na anatuma salamu. Mwisho wa mwezi Wizara ilitoa takwimu: tumbusi arobaini na mmoja, wote hai, ishirini na wanane kati yao wakiwa mapumzikoni.

* * *

Aliyemfumbua macho ni Koplo Ndimbo. Huyu zamani alikuwa askari wa wanyamapori katika Kitalu Namba Tisa, ambako wageni rasmi wa taifa huenda kupumzika. Siku moja aliona tumbusi wanazunguka angani, akawafuata, akakuta wageni hao wamesimama juu ya tembo wanne wasio na pembe. Akawakamata. Wizara ilimpongeza kwa barua, ikampandisha cheo, ikampeleka kulinda mnara wa kuongozea meli. Nchi ile haina bahari. Mnara uko kilimani, ulijengwa ili bahari ikija isikute watu hawajajiandaa.

Sikudhani alipita chini ya kilima hicho akitafuta tumbusi kumi na watatu waliobaki. Koplo alimwita, akashuka ngazi mbio.

"Mama wa tumbusi! Kwani wale ndege wako bado unawalisha?"

"Nani kakwambia ninawalisha?"

"Lori si linapita hapa chini? Linatoka Namba Tisa kila safari. Safari ya kwanza nyama ilikuwa inanukia, mbwa wangu akalikimbiza lori. Safari ya pili mbwa alisogea, akanusa, akarudi mkia katikati ya miguu. Nikajiuliza."

"Namba Tisa hawana ng'ombe."

"Hawana. Wana wageni." Koplo aliketi kwenye ngazi. "Mama, sikiliza. Wale niliowakamata hawakunilalamikia mimi. Mimi ni nani? Walilalamikia ndege. Walimwambia mkubwa kwamba hawawezi kuwinda kwa raha nchi ambayo ndege wanaonyesha kidole. Baraza la Usalama likakaa siku mbili. Likaona tumbusi wana kosa la kutoa habari za serikali kwa njia ya kuzunguka angani."

"Lakini huu ni Mwaka wa Tumbusi!"

"Ndiyo. Ungewapataje wote bila mwaka wao?"

Sikudhani alisema kwamba haiwezekani, kwa kuwa hakuna anayejua viota viko wapi. Koplo akaonyesha barabara.

"Dereva ana karatasi mbele ya usukani. Alisimama hapa kuomba maji, nikaiona. Ya penseli. Juu ya Jabali la Chanua kuna alama ya kikombe."

Kilichompata Sikudhani pale hakikuwa hasira. Hasira ingemsaidia. Alihisi kile alichohisi tawi lilipovunjika, ila safari hii alisubiri kamba ikaze, na haikukaza. Alikaa kwenye ngazi ya mnara ule wa kipuuzi, akalia kama aliyefiwa. Koplo hakujua la kufanya, akavua kofia yake.

"Meza ya tatu ni lini?" Koplo aliuliza baadaye.

"Jumamosi. Siku ya kufunga Mwaka. Lori litapitia uwanjani lipigiwe makofi, kisha liende kwa wale kumi na watatu."

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa. Lori lilikuwa katikati, limevishwa maua, nyama imefunikwa bendera. Sikudhani alifika mapema, akiwa amevaa gauni lake la Idi, kwa sababu alikuwa kwenye orodha ya kupewa nishani. Askari wakampisha. Aliinua pembe ya bendera. Nzi walikuwa wanatua juu ya nyama ile na hawaondoki. Alikata kipande, akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi pembeni, akakichoma kwenye makaa yake, akakiweka kwenye sahani na kukifunikia kawa.

Alipoitwa kupokea nishani alipanda jukwaani na sahani yake. Mheshimiwa Komredi Profesa Ntukula alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusema kwamba taifa linalowalisha tumbusi wake halitakufa njaa.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, na kipaza sauti kikamnasa, "nawashukuru. Ila leo meza haijaonjwa. Mimi nawasemea tumbusi, na sijaamini bado."

Akaweka sahani mbele ya Waziri, akafunua kawa.

Watu wa nchi ile wanaweza kuvumilia mengi, lakini mwenyeji asiyeonja hawakuwa wamemwona tangu wazaliwe. Wanawake wa mbele wakaanza kusimama ili waone vizuri.

Waziri aliitazama nyama. Akatabasamu, akafuta jasho, akaikumbuka katiba. "Kwa mujibu wa utaratibu," alisema, "mwenyeji wa shughuli hii ni Mkurugenzi. Daktari Mbwilo, tafadhali. Onja, tuendelee."

Mbwilo aliinuka. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Alimtazama Waziri, na Waziri hakupepesa. Akamtazama Sikudhani. Halafu alinyoosha ule mkono wenye kovu, akachukua nyama, akaipeleka kinywani.

Sikudhani alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa hilo. Alidhani atakataa, na kukataa kwake kungetosha. Hakudhani atakula. Aliona midomo inafunguka, akamwona mtu aliyeburutwa kwenye miiba kwa ajili yake, na kabla hajafikiri mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda. Alimpiga kwa nguvu. Nyama ikaruka, ikaanguka chini ya meza.

"Usile, kaka! Ina sumu!"

Mbwilo alisimama, vidole bado viko karibu na mdomo. Kisha akakisogelea kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmesikia wenyewe. Amejuaje?"

* * *

Kesi ilichukua asubuhi moja. Sikudhani alishtakiwa kwa kujaribu kuwaua kwa sumu tumbusi arobaini na mmoja, wote wakiwa hai. Nyama yote ya lori ilizikwa kama kielelezo. Mlezi wa mahakama, yaani Jaji Mkuu, alimfunga miaka tisa, akasikitika kwamba sheria haina zaidi. Wiki hiyo hiyo ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku kuonja, kwa kuwa kuonja kunachochea mashaka baina ya wenyeji na wageni. Siku hizi katika nchi ile mtu hula tu, halafu anasubiri.

Mwezi wa pili wa kifungo, siku ya kutembelewa wafungwa, alikuja Mbwilo. Alikuwa amevaa suti, na mkononi alishika lile birika lenye mdomo uliopinda, limefungwa taulo lisipoe. Aliketi upande wake wa nondo.

"Wale kumi na watatu wapo, dada Siku," alisema. "Ningenyamaza, lori lingeondoka. Nilipokutaja wewe ikabidi wakubali kwamba nyama ina sumu. Wakaizika. Unaona? Niliwaokoa."

"Na wale ishirini na wanane?"

Mbwilo alikaza taulo kwenye birika.

"Ramani iko wapi, kaka Onesmo?"

"Wanayo. Waliniambia ni kwa ajili ya kuwalinda. Halafu waliponiambia kweli, nilikuwa nimekwisha kuwapa. Ningefanya nini? Hukai pale wewe. Huwajui wale watu."

Sikudhani alimwacha amalize. Kulikuwa na swali moja lililokuwa likimkosesha raha tangu Jumamosi ile, na aliliuliza kwa upole, maana alitaka sana jibu liwe jingine.

"Siku ile jukwaani. Ungekula kweli?"

Mbwilo alifikiri. Pengine alilojibu ndilo jibu pekee la kweli alilotoa mwaka mzima.

"Nilijua hutaniacha nile," alisema.

Askari mwenye zamu alikuwa mbali, anakata kucha. Mbwilo alifungua taulo, akamimina chai. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba, na Sikudhani akakumbuka migunga yote. Mbwilo akapitisha kikombe kati ya nondo, akakishikilia hapo kikitoa mvuke.

Sikudhani hakukipokea.

"Onja kwanza," alisema.

Mbwilo alidhani hakusikia vizuri. Aliposikia, uso wake ulisinyaa, akaanza kulia bila sauti, mtu mzima mwenye suti. Akamtazama askari, kwa kuwa kuonja kulikuwa kosa sasa. Kisha akarudisha kikombe kwake kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akameza, akanyamaza kama inavyotakiwa. Halafu akakipitisha tena.

"Nimeonja," alisema.

Akasubiri neno lile. Sikudhani alikuwa anamtazama viganja. Mbwilo alisubiri, mkono umenyooka kati ya nondo, mpaka mvuke ukaisha kwenye kikombe na askari akagonga kengele ya kuwatoa wageni.